Majina Matatu Ukutani

Kwenye ukuta wa ofisi ya hospitali yetu, juu ya meza ya Bi Asma, kuna karatasi ya orodha ya madaktari. Ina majina matatu. La kwanza ni Dk. Masoud, ambaye yuko China mwaka wa pili sasa akisomea mifupa. La pili ni Dk. Derick, aliyeazimwa na mradi mmoja huko Unguja kwa miezi mitatu, miezi ikazaa miaka. La tatu ni Dk. Gaudens, daktari dhamana wetu, msimamizi wa hospitali, ambaye Jumamosi ile saa nne asubuhi alipakia mabegi mawili kwenye teksi akaelekea uwanja wa ndege wa Chake Chake, asirudi tena.

Jina langu halimo. Mimi ni daktari kamili, nina leseni, na mwaka wa mafunzo ya vitendo niliumaliza Bara. Lakini sijaajiriwa, najitolea tu. Napewa nauli ya kutoka kwetu Jadida na chakula cha mchana. Mara mbili nimeomba ajira, na mara mbili nimejibiwa kwa adabu kwamba nafasi za madaktari katika hospitali hii ni tatu, na zote zimejaa.

Chini ya orodha ile kuna tangazo lililopigwa muhuri: daktari wa kujitolea haruhusiwi kufanya upasuaji bila ya daktari mwajiriwa kuwepo. Kwa miezi kumi na minne nimekuwa nikilisoma nikinywa chai, kama mtu anavyosoma maandishi kwenye mfuko wa sukari.

Jumamosi hiyo hiyo, saa saba na robo mchana, pikapu ya kubebea karafuu iliingia uani ikipiga honi bila kuachia. Nyuma, juu ya magunia, alilala mwanamke mjamzito aliyejikunja, kichwa chake kwenye mapaja ya mama yake. Alikuwa amevaa kanga ya zambarau. Nilijua nimemwona siku si nyingi, ila sikukumbuka wapi.

Tulimshusha mimi na Bi Asma, muuguzi wetu wa chumba cha upasuaji, ambaye ameanza kazi hii kabla mimi sijazaliwa. Jina lake Mwanamize, miaka ishirini na minne, mtu wa Makangale. Mimba ya pili. Wa kwanza alizaliwa kwa upasuaji, hapa hapa kwetu. Kwenye kadi yake ya kliniki kulikuwa na mwandiko ninaoujua vizuri, mwandiko wa Dk. Gaudens: *Apasuliwe Alhamisi. Asisubiri uchungu.*

“Uchungu umeanza lini?” nilimuuliza mama yake, Bi Siti.

“Alfajiri. Kumi na moja hivi.”

“Na Alhamisi? Kadi inasema Alhamisi. Mbona hamkuja?”

Bi Siti alinitazama kama mtu aliyesingiziwa.

“Tulikuja, mwanangu. Alhamisi saa tatu tupo hapo mlangoni. Tukakuta mna shughuli. Vyungu viko motoni, watu wamependeza, daktari kavishwa maua shingoni. Tukasema hawa wana jambo lao, haifai kuwaingilia. Tukakaa pale kivulini. Weye mwenyewe ukatuletea sahani ya pilau. Yuno ukamwongeza nyama, ukamwambia, kula, unakula kwa wawili. Tukala, tukashukuru, tukarudi kwetu. Tukasema tutakuja Jumatatu, mkishamaliza.”

Hapo nikaikumbuka kanga ya zambarau.

Ilikuwa ni shughuli ya kumuaga Dk. Gaudens. Kila aliyepita siku ile tulimpa sahani, wagonjwa na wasindikizaji, hata watu wa boda boda. Mimi ndiye niliyekuwa nikigawa. Nilimwona mwanamke mwenye tumbo la miezi tisa ameketi kwenye kivuli cha hospitali, nikampa nyama, nikacheka naye, nikaenda zangu. Sikumuuliza amekuja kwa nini. Na yeye asingesema. Kwetu mtu hakatizi shughuli ya watu. Ukikuta watu wana jambo lao, unakaribishwa, unakula, unawaombea heri, na haja yako unarudi nayo nyumbani. Mimi mwenyewe ningefanya hivyo hivyo.

Nilimpima. Nilipomgusa juu ya kovu la upasuaji wa kwanza, alipiga ukelele ambao haukuwa wa uchungu wa uzazi. Uchungu wa uzazi huja ukaondoka, na haya maumivu hayakuondoka. Mapigo ya moyo ya mtoto yalikuwa tisini kwa dakika, na hayatakiwi kushuka chini ya mia na kumi.

“Kovu linaachia,” nilimwambia Bi Asma kwa sauti ndogo.

“Naona,” alisema. Alikuwa tayari anamkata Mwanamize nguo.

Gari la wagonjwa lilikuwa limeondoka saa sita na nusu na mchumaji aliyeanguka mkarafuu akavunjika nyonga. Nilimpigia dereva. Alikuwa bado yuko njiani anakwenda, hajaanza hata kurudi. Nikapiga simu hospitali kubwa. Mleteni tu, walisema, tunamsubiri. Nikamwita Mabruki, mtaalamu wetu wa usingizi, nikamuuliza kama tunaweza kumpeleka kwa ile pikapu.

Mabruki ni mtu wa mzaha. Siku ile hakutania. Aliangalia kipimo cha presha, akaangalia barabara kupitia dirishani.

“Kutoka hapa mpaka kuikuta lami tu ni dakika arobaini, na mashimo yale,” alisema. “Kovu hilo halina dakika arobaini, Dokta. Presha ilikuwa mia na kumi wakati mnamshusha. Sasa ni tisini na tano.”

Wote wawili wakanitazama.

Nilitoka nikasimama kwenye korido. Nikimpasua na akafa, nitakuwa nimevunja amri na nimeua mtu, na leseni yangu itaondoka kabla haijaniletea hata mshahara mmoja. Nisipompasua atakufa vile vile, ila mimi nitakuwa sijavunja kitu. Nitaandika kwamba daktari hakuwepo, na itakuwa kweli.

Nikampigia Gaudens.

Nilikuwa sijazungumza naye vizuri tangu Jumatano. Siku hiyo nilimkuta ofisini anapanga vitabu vyake kwenye katoni, nikamwambia neno ambalo nilikuwa nimelibeba wiki nzima: “Kwa hiyo ni pesa tu.”

Hakukasirika. Alisema, “Ni pesa. Litamke bila aibu, mimi sioni aibu. Nina miaka tisa hapa na daraja langu la mshahara ni lile lile nililoanza nalo. Posho ya zamu sijaiona tangu mwaka jana. Mke wangu Conchesta analea watoto watatu peke yake Bukoba, na yule mdogo ananiita baba wa simu. Huko Dar es Salaam hospitali ya watu binafsi inanipa mara tatu ya hiki ninachopata, na nyumba ya kukaa nao. Wewe unaona naondoka kwa sababu ya pesa. Mimi nimekaa miaka tisa bila hizo pesa, Samiha, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza kwa nini nimekaa.”

“Na wagonjwa?”

“Wagonjwa ndio walionichelewesha.”

Niliona kama ananichezea maneno. Alhamisi nilimgawia pilau yake kama wengine, nikampa mkono, na Jumamosi alipoondoka nilijifanya nina kazi maabara.

Sasa simu iliita mara mbili, akapokea. Nyuma yake kulisikika sauti ya uwanja wa ndege, mtu anataja namba za safari.

“Mwanamize wa Makangale,” nilisema. “Kovu linaachia. Mtoto tisini. Gari halipo.”

Nilimsikia akivuta pumzi.

“Alhamisi sikumwona. Nilidhani ameamua kwenda kwingine.”

“Alikuja. Tulimlisha pilau.”

Akauliza, “Mabruki yupo? Bi Asma yupo?”

“Wapo.”

“Basi mpasue. Umesimama na mimi mara ngapi? Mara hamsini? Za mwisho kumi ulishika kisu wewe, mimi nikashika taa.”

“Wewe ulikuwepo.”

“Andika nilikuwepo. Mimi ni mwajiriwa mpaka tarehe thelathini. Kwenye kitabu weka jina langu, litakulinda. Sikiliza, wametuita kupanda. Ukishafungua, angalia kibofu. Kibofu chake yule, mara ile—”

Simu ilikatika. Nikapiga tena. Sauti ya mwanamke ikaniambia kwa upole kwamba namba ninayopiga haipatikani kwa sasa.

Niliporudi ndani, Bi Siti alikuwa amesimama mbele ya kitanda kama mlango. Bi Asma alikuwa na fomu ya ridhaa mkononi.

“Hawezi kupasuliwa mpaka mumewe aseme,” Bi Siti alisema. “Mara ya kwanza alisema mumewe.”

“Mumewe yuko wapi?”

“Hamdan? Yuko kambini, anachuma karafuu. Nshampigia mara saba.”

Kila mtu chumbani alijua maana yake. Wachumaji hawapandi na simu. Simu huachwa chini, ndani ya mkoba uliotundikwa kwenye tawi, na mtu anaweza kuwa juu ya mkarafuu mpaka alasiri, anasikia upepo na kelele za wenzake tu.

“Bi Siti,” nilisema, “sina muda wa kumteremsha mtu mtini.”

“Na akifa? N'tamwambia nini Hamdan? Kwamba nlimtoa mkewe nyumbani kwangu, nikampa mtoto wa kike asiyejulikana hata kama ni daktari au ni mwanafunzi, akamchinja?”

Kutoka kitandani ilitoka sauti.

“Mama.” Midomo ya Mwanamize ilikuwa imekauka. “Ondoka hapo. Tumbo langu.”

“Mwanangu…”

“Kovu langu, tumbo langu, mwanangu mie. Nipe hiyo karatasi.”

Bi Asma alimshikia fomu. Aliandika jina lake lote, herufi moja moja, kama mtoto wa skuli, kisha kalamu ikamdondoka. Akanitazama mimi. “Weye ndo ulonipa nyama,” alisema.

“Ndiyo.”

“Basi usinitupe.”

Nikamgeukia Bi Siti, nikamwambia, “Nenda kwa sheha. Mwambie atangaze msikitini kwa kipaza sauti. Si kwa ajili ya ruhusa. Tunataka damu. Tuna chupa moja tu kwenye friji. Wachumaji wote wenye afya washuke, waje sasa hivi.”

Bi Siti alijifunga kanga kiunoni akatoka mbio. Mwanamke wa miaka sitini. Nilisikia kandambili zake mpaka getini.

Mabruki alisema presha haimruhusu kumpa ganzi ya mgongo, atamlaza usingizi kabisa. Nilinawa mikono mpaka viwikoni. Nilikuwa nahesabu kwa sauti bila kujua, na Bi Asma akaniambia, “Hesabu moyoni, Dokta, unanitia wasiwasi.” Nikajaribu kucheka. Nikamuuliza lile lililokuwa likinizunguka kichwani.

“Bi Asma, mara ile ya kwanza ulikuwepo?”

“Nlikuwepo.”

“Kibofu kilikuwa na nini? Dk. Gaudens alitaka kuniambia, simu ikakatika.”

Alifumba macho. Mikono yake iliendelea kupanga vifaa, kisu, koleo, mikasi, kana kwamba mikono ile haimhitaji. “Kilikuwa juu,” alisema. “Juu mno. Kimekaa mahali sipo. Karibu akikate. Akatukana kwa Kihaya, ndiyo maana nakumbuka. Baada ya hapo alikisukuma chini polepole kwa kidole na kitambaa. Alikaa muda.”

“Muda gani?”

“Dakika kumi. Weye huna dakika kumi.”

“Nina ngapi?”

Mabruki, kutoka kichwani kwa mgonjwa, alisema, “Presha themanini. Anza.”

Nikasema Bismillahi nikaanza.

Ngozi, mafuta, utando mgumu. Mpaka hapo mikono yangu ilijua njia. Ndani kulikuwa na damu, si nyingi sana bado, lakini ilikuwa mahali ambapo damu haitakiwi kuwepo. Na kibofu kilikuwa pale pale Bi Asma alipokiona mara ya kwanza, kimevutwa juu, kimegandana na kovu la zamani kama karatasi mbili zilizolowa. Kama asingenambia, kisu changu kingepita katikati yake.

Nilichukua kitambaa nikakisukuma chini. Hakikusogea.

“Sabini na tano,” alisema Mabruki.

Nikasukuma tena. Polepole, kidole kimoja, upande wa kushoto ambako palikuwa na nafasi kidogo. Jasho liliniingia jichoni na sikuweza kulifuta. Nilitamani mtu aingie mlangoni aseme sogea, nitamalizia. Tangu niwe daktari, mtu huyo amekuwepo sikuzote. Mlango ulikuwa umefungwa.

“Usikipige vita,” alisema Bi Asma taratibu. “Kibembeleze.”

Nikakibembeleza. Kikaanza kuachia, kwanza kama uzi, kisha upana wa kidole, kisha nikauona mfuko wa uzazi na ule mpasuko. Kovu lilikuwa limefunguka nusu. Kupitia uwazi ule niliona nywele.

Sikuhitaji hata kukata sana. Nilipitisha mkono, nikashika kichwa, Bi Asma akasukuma kwa juu, na mtoto akatoka kwenye taa. Wa kike. Rangi ya bluu, mikono imelegea. Nilimkabidhi muuguzi wa wodi ya wazazi aliyekuwa akisubiri na taulo, nikageuka, kwa sababu damu sasa ilikuwa inakuja kama bomba lililofunguliwa.

Nyuma yangu niliusikia ule mpira wa kupulizia hewa. Puf. Puf. Puf. Hakuna sauti nyingine.

“Sitini na tano,” alisema Mabruki. “Chupa ya damu inakwisha, Dokta. Ikiisha hii hakuna nyingine.”

Nilishona. Mshono mmoja, wa pili, wa tatu, nikifuata ukingo wa mpasuko, na kila niliposhona damu ilitokea mahali pengine kama inanicheka. Puf. Puf. Nikafika pembe ya kulia ambako mshipa ulikuwa umechanika. Nikaukosa. Nikaushika. Nikafunga fundo, nikafunga jingine juu yake.

Damu ikapungua.

Na hapo nyuma yangu mtoto alikohoa, akanyamaza, kisha akalia. Kilio kidogo, cha hasira, kama mtu aliyeamshwa bila ya sababu. Mabruki aliinua kichwa. “Huyo mtu wa Makangale kweli,” alisema. “Kaja analalamika.” Bi Asma alimwambia anyamaze aangalie presha yake, lakini niliona macho yake juu ya barakoa yakicheka.

Mlango ulisukumwa kidogo. Fundi wa maabara alichungulia.

“Dokta, wachumaji wamekuja.”

“Wangapi?”

“Kumi na saba. Wengine nimewaambia wakae uani. Nishapata wanne wa kundi lake la damu, nawapima.”

Harufu yao iliingia pamoja naye, kali na tamu, harufu ya karafuu mbichi iliyokwama kwenye mashati na mikono. Waliteremka mitini wakapanda gari la kwanza walilolikuta, makonyo, vile vijiti vya karafuu, bado yamewashika nywele. Hamdan alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono. Kundi lake halikuwa sawa na la mkewe. Aliambiwa, akakataa kuondoka kwenye kiti, akasema basi nitoeni tu, apewe mwengine. Ndivyo walivyofanya.

Saa kumi presha ya Mwanamize ilikuwa mia na tano. Nilikaa kwenye ngazi ya nyuma ya jengo nikalia kidogo, kisha nikanawa uso.

Niliporudi, Bi Asma alikuwa amefungua kitabu cha upasuaji mezani. Ni kitabu kikubwa, jalada lake limeshonwa upya kwa uzi wa kushonea wagonjwa. Alikuwa amejaza tarehe, jina la mgonjwa, aina ya upasuaji, mtaalamu wa usingizi. Kidole chake kilikuwa juu ya nafasi moja iliyobaki: daktari aliyepasua.

“Andika Gaudens,” alisema. “Kasema mwenyewe. Kwa herufi zangu au zako, hakuna atakayeuliza.”

Alisema kwa upendo. Nilijua. Nilichukua kalamu.

Kabla ya kuandika nikafunua ukurasa wa nyuma, nione mwenyewe alikuwa akiliandikaje jina lake. Nikaona jina la Dk. Masoud. Machi, mwaka huu. Nikafunua mwengine. Dk. Masoud. Dk. Derick. Dk. Masoud tena.

“Bi Asma. Masoud yuko China.”

“Najua aliko.”

“Kitabu kinasema amepasua watu kumi na mmoja tangu aende China.”

Bi Asma aliketi. “Mwanangu, daktari mmoja haruhusiwi kufanya kazi siku saba mfululizo, mchana na usiku. Gaudens alikuwa anafanya. Angeandika ukweli, wangemzuia kwa kumwonea huruma, na mtu wa badala yake wasingeleta. Akawa anagawa majina. Wiki hii yeye, wiki ile Masoud. Sisi sote tukitia saini. Tulikuwa tunasitiriana.”

Niliutazama ukuta. Majina matatu. Mtu aliyekaa ofisi ya wilaya na karatasi hizi mbele yake anaona hospitali yenye madaktari watatu wenye bidii, wanaopokezana zamu vizuri. Kwa nini alete wa nne? Kwa nini amwongeze mtu posho kwa kazi ya watu watatu, wakati watu watatu wapo? Tulikuwa tumemsitiri Gaudens mpaka akawa haonekani. Na nafasi niliyoambiwa imejaa tulikuwa tumeijaza sisi wenyewe kwa kalamu, kwa nia njema, kama tulivyomjaza Mwanamize sahani.

“Nikiandika jina lake,” nilisema, “leo hospitali ilikuwa na daktari.”

“Ndiyo. Na weye uko salama.”

“Na kesho pia itakuwa naye. Mpaka atakapokuja Mwanamize mwengine.”

“Samiha.” Hakuwahi kuniita hivyo, bila ya Dokta. “Watakuondoa.”

“Wataniondoa wapi? Sipo.”

Alitaka kunikemea, akacheka bila kupenda. Nikaandika. *Dk. Samiha Ngwali, wa kujitolea.* Kwenye maelezo niliongeza: *Daktari mwajiriwa hakuwepo.* Mwandiko wangu ulipinda. Bi Asma alivuta kitabu, akakisoma muda mrefu. Kisha akachukua kalamu ile ile, na chini ya maneno yangu akaandika: *Ni kweli. Nilikuwepo.* Akatia saini yake.

Jioni simu ilitetemeka. Gaudens alikuwa ameshafika. Nilimtumia picha ya mtoto. Akajibu haraka: *Alhamdulillahi*, neno alilojifunza kwetu. Dakika moja baadaye: *Umeweka jina langu?* Nikaandika: *Hapana. Na samahani kwa Jumatano. Nilitakiwa kukuuliza kwa nini ulikaa.* Niliona anaandika, anaacha, anaandika tena. Mwisho ilikuja: *Mkaidi. Kibofu ulikiona?*

Jumatatu niliitwa ofisi ya afya ya wilaya. Ofisa alikuwa mtu wa makamo, mpole, picha ya ukurasa ule, tuliyoituma na ripoti, ikiwa mbele yake.

“Dk. Gaudens alikuwa wapi?”

“Angani, mkubwa wangu.”

“Dk. Masoud?”

“China.”

“Derick?”

“Unguja. Tangu mwaka juzi.”

Alivua miwani akaifuta kwa ncha ya shati. “Ungeandika Gaudens, tusingekuwa tumekaa hapa.”

“Najua.”

“Na mimi ningelala.” Akavuta karatasi. “Mgonjwa anaendeleaje?”

“Anataka kurudi kwao. Mtoto ananyonya.”

Hakuniajiri. Hana uwezo huo, alisema, kibali cha ajira hutoka juu. Alinipa barua ya onyo: nimefanya upasuaji kinyume na amri, nisirudie. Lakini alipokuwa akinisindikiza mlangoni alinambia nimwambie Bi Asma atume orodha mpya ya madaktari, iliyo sahihi, siku hiyo hiyo, naye ataipeleka mwenyewe kwa mkono. Na kuanzia Jumatano, daktari wa upasuaji atatoka hospitali kubwa kuja kwetu siku tatu kwa wiki, mpaka hapo watakapopata mtu. Siku tatu kati ya saba. Nilitoka nikiwa na onyo mkononi, barua ya kwanza ya serikali iliyowahi kuniita Daktari.

Bi Asma aliibandua ile orodha ukutani akaweka mpya, kaipiga mistari kwa rula. Moja, mbili, tatu. Mbele ya kila namba palikuwa peupe. Alinipa kalamu, nikamrudishia. Sijaajiriwa bado. Acha paonekane peupe.

Alhamisi tulimruhusu Mwanamize. Alitembea taratibu, mkono tumboni, Hamdan kambeba mtoto kama mtu aliyebeba trei ya mayai. Bi Siti alibaki nyuma. Alikuwa na bakuli lililofunikwa kwa kawa, akalitua mezani kwangu. Harufu ya pilau ikajaa ofisi.

“Sahani yako hino,” alisema. “Kula.” Nilipofunua akanishika mkono akanizuia. “Ngoja kwanza. Hivi ndivyo inavyofanywa.” Akainama, akaniangalia usoni kwa makini. “Hujambo, mwanangu? Una haja gani leo?”

Bi Asma alicheka mpaka akashika meza. Mimi nilitaka kucheka nikashindwa. Nikamwonyesha Bi Siti karatasi ukutani, ile mistari mitatu mitupu.

“Haja yangu ndiyo hiyo,” nilisema.

Bi Siti hajui kusoma vizuri. Aliisogelea, akaitazama sana.

“Mbona hamna kitu?”

“Ndiyo.”

Alitikisa kichwa polepole. Kisha akaenda zake akiwafuata wenziwe, na kutoka uani nilimsikia akimwambia dereva wa pikapu, akimwambia na Hamdan, akimwambia na mama mmoja aliyekuwa akisubiri kliniki, kwa sauti ya mtu aliyezoea kuita watu kutoka mbali: “Mwajua kama humo ndani hamna daktari? Nimeona kwa macho yangu. Imeandikwa.”